Koti katika Kizimba Namba Nne

Kibao kiko langoni, manjano, herufi nyeusi:
mbwa haingii, paka haingii,
kasuku hata akiwa na adabu.
Na mimi nimesimama chini yake
nimeshika kamba ya mbwa.

Kila mtoto huuliza: na huyu je?
Huyu ni mfanyakazi, nawaambia.
Ana namba. Ana likizo. Ana daktari wake Mamboleo,
mimi sina.
Jina lake Zuzu, alibandikwa na askari waliomlea
siku alizokuwa akifukuza mkia wake mwenyewe.
Sasa anasoma foleni ya watu mia nane kwa pua
na hajapanda hata bembea moja.

Jumamosi ile ya Agosti, jua la Kisumu limelalia mabati,
mama mmoja wa Milimani alisalimisha kijibwa cheupe
chenye utepe shingoni. Kililia hadi kizimba namba nne.
Akapokea risiti, akamtazama Zuzu, akanitazama mimi:
"Kumbe sheria inachagua."
Sikujibu. Watu walikuwa wamefika barabarani.

Ndipo akaja Liyayi, katoka Ikolomani na basi la alfajiri,
na binti yake Mmbone, soksi mpya, gauni la Krismasi,
na yeye ndani ya koti zito la kahawia, joto lote lile.
Zuzu akapita viatu,
akapita kikapu cha mandazi,
akarudi.
Akanusa mfuko wa kulia.
Akaketi.

Hamjui maana ya mbwa kuketi.
Wenu akiketi, amechoka.
Wangu akiketi, moyo wangu unasimama.

Redio ikakohoa. Foleni ikarudi nyuma
kama maji katika beseni lililoinamishwa.
Liyayi akainua mikono kabla hajaambiwa,
kama mtu aliyewahi kuambiwa.
Mmbone akadhani mchezo umeanza,
akainua yake.

Mfukoni: tiketi mbili, leso, pipi ya mnanaa.
"Ni shimo," akasema. "Nachimba dhahabu. Tunapasua mwamba.
Koti hili nimelifua mara tatu kwa ajili ya leo.
Mara tatu, afande."
Na kwa nini ulivae na jua hili?
"Ndilo koti nililo nalo."

Mimi nilimwamini papo hapo. Msimamizi ilimchukua dakika arobaini.
Kisha tukatafuta kifungu cha koti, hakipo.
Mwishowe Okelo wa vizimba akalikunja,
akalisukuma namba nne, kwingine kumejaa,
akaandika risiti: Mnyama,
akasita,
koti. Rangi, kahawia. Chanjo, mstari mtupu.

Liyayi akaingia na shati.
Mabega yake yalikuwa madogo kuliko tulivyoyaogopa.
Baadaye nikawaona juu kabisa ya gurudumu,
ziwa limetandikwa gugumaji kule nyuma yao,
Mmbone akitunyooshea kidole: mbwa! mbwa!
Kanuni ya tisa: mbwa wa kazi hapungiwi mkono.
Haiko kwenye kibao. Niliitunga dakika ile
nisije nikapunga mimi.

Saa kumi na mbili wakarudisha risiti.
Kijibwa cheupe kilikuwa kimelala ndani ya koti,
utepe umefunguka,
pua imezama mfuko wa kulia,
hakijanusa chochote ila mnanaa.
Mama wa Milimani akaomba radhi kwa manyoya.
Liyayi akapangusa, si sana,
akavaa, akapita mbele yetu akitoka.

Zuzu akaketi tena.

Nikatoa mpira wa kijani.
"Kesi ile imefungwa," msimamizi akasema.
Imefungwa kwako, nikamjibu. Yeye hajakosea,
na ujira wake ni huu.
Mmbone akaniuliza kama anaweza kuurusha yeye,
mara moja tu.

Nikakitazama kibao.
Kilikuwa kinatazama barabarani.